Radi ya Tororo na Kompyuta Iliyozimika

Kwa muda wa miaka 10, kuanzia 1967 hadi 1976, wapimaji wa hali ya hewa walihesabu mjini Tororo wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu iliyouingiza mji huo katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Wakazi wa Nabuyoga, walio katika wilaya hiyo hiyo, hawakuhitaji kitabu kuwaambia. Mawingu yanapoanza kujikusanya alasiri, akina mama huanua muhogo, wachungaji hurudisha ng'ombe, na mwenye busara huchomoa waya wa redio ukutani. Kinachosahauliwa ni kompyuta ya ofisini.

Kesho yake karani hubonyeza kitufe, na kompyuta haiitiki. Hapana taa, hapana mvumo wa feni. Papo hapo hukumu hutolewa: imeungua, inunuliwe nyingine. Ndugu msomaji, hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Ndani ya sanduku lile mna alama za wanafunzi wa miaka mingi, au hesabu za chama cha ushirika, au orodha ya watoto waliochanjwa. Hayo yote yamo katika diski, na aghalabu diski ni nzima. Kilichokufa ni kijisanduku cha bati kilichoko nyuma, pale waya wa ukutani unapoingilia, ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Kazi ya kijisanduku hicho ni kuupokea umeme wa volti 240 na kuugeuza uwe wa volti 12, 5 na 3.3, kiasi ambacho viungo vya ndani vinaweza kukistahimili. Kwa kuwa ndicho kilichosimama langoni, ndicho hupigwa kwanza. Umeme ulifika sehemu hizi zamani: bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na laini ya volti 132,000 iendayo Kenya hupita Tororo. Lakini kupitiwa na laini kubwa si sawa na kupata umeme mtulivu nyumbani. Mwishoni mwa waya mrefu wa kijijini nguvu hupungua, hukatika, kisha hurudi kwa kishindo.

Radi nayo isilaumiwe kwa kila kifo. Ndani ya pawa saplai mna kapasita, vikopo vidogo vyenye majimaji, ambavyo hukauka kadiri miaka inavyopita. Joto ndilo adui yao: kila linapozidi kwa nyuzi 10 za sentigredi, umri wao hupungua takriban nusu. Feni iliyosongwa na vumbi jekundu la barabarani haiwezi kuwaokoa. Ukiona vikopo vimevimba kichwani au vimetoa ute wa kahawia, umekwisha kumpata mhalifu.

Kabla ya kununua chochote, hapana budi kupima. Chomeka taa katika soketi ile ile uhakikishe kwamba umeme upo. Badilisha waya. Tazama fyuzi ya plagi. Fyuzi ikikatika kila unapoitia mpya, kuna hitilafu mbele yake, na yule anayefunga waya wa shaba mahali pake anatafuta moto.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chomoa kompyuta ukutani, kisha utoe kichwa kipana cha nyaya kilichochomekwa katika ubao mama. Acha feni au diski mbovu ikiwa imeunganishwa, ili pawa saplai iwe na kitu cha kubeba. Unganisha kwa kijiwaya tundu la waya wa kijani na tundu mojawapo la waya mweusi, ndipo uchomeke ukutani. Feni ikizunguka, chukua mita: waya mwekundu utoe baina ya volti 4.75 na 5.25, wa njano baina ya 11.4 na 12.6. Feni isipozunguka, au vipimo vikiwa pungufu, pawa saplai imekufa. Lakini vipimo vikiwa sawasawa, rudi ukaangalie kitufe chenyewe na ubao mama.

Jambo moja halina mjadala. Askari hafungui bunduki kuisafisha kabla ya kuhakikisha kwamba chemba ni tupu, na kijisanduku hiki kina risasi yake. Kapasita zake kubwa hushika zaidi ya volti 300, na huweza kuendelea kuzishika hata baada ya waya kuchomolewa. Asiye fundi wa umeme asikifungue kamwe. Akitoe kizima na kutia kingine.

Kukitoa si kazi: skrubu nne nyuma, kisha vichwa vya nyaya kimoja kimoja, ukiandika kila kimoja kilitoka wapi. Kazi ni kupata kingine kinachofaa. Umeme wa Kenya na wa Uganda ni wa volti 240 zile zile, kwa hiyo kilichonunuliwa Busia upande wowote wa mpaka kitafanya kazi Nabuyoga. Kagua hata hivyo kiswichi chekundu cha nyuma. Mashine nyingi zilizokuja kama msaada kutoka Marekani zilikuwa zimewekwa kwenye 115, na ukizichomeka hivyo huku kwetu utasikia mlipuko kabla hujaondoa mkono.

Usidanganywe na wati zilizoandikwa ubavuni pia. Kompyuta za zamani zilikula zaidi katika volti 5, ilhali pawa saplai za sasa huelekeza nguvu zao katika volti 12. Kwa hiyo kijisanduku kipya cha wati 500 chaweza kuwa dhaifu pale hasa mashine kongwe inapokitegemea. Soma jedwali la ampea. Kichwa cha pini 24, kilichoenea baada ya 2003, huingia katika ubao wa pini 20, nne zikabaki zinaning'inia, wala hakuna dhara. Hatari iko kwenye kompyuta za Dell zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hivi: baadhi yake zilikuwa na kichwa cha umbo la kawaida, lakini mpangilio wa nyaya ndani yake ulikuwa mwingine. Kichwa kitaingia vizuri kabisa, kisha ubao mama utaungua. Linganisha rangi za nyaya, tundu kwa tundu, la kale na jipya, kabla ya kuwasha.

Kisha funga na uwashe. Baada ya hapo, wingu likitanda, chomoa plagi. Swichi ya ukutani peke yake haizuii radi, kwa sababu huruka pengo hilo bila taabu. Na kama mashine ilikaa miezi mingi bila umeme, usishangae ikifufuka ikisema kwamba tuko mwaka 2002. Hiyo ni betri ndogo ya CR2032 iliyoko kwenye ubao mama, ya volti 3, yenye umbo la sarafu. Ibadilishe siku hiyo hiyo na urekebishe tarehe, barua za ofisi zisije zikatoka zikiwa na umri wa miaka ishirini na zaidi.