Najua Kuogelea, Jaketi la Nini?

Mpui haina ufukwe. Iko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, na bahari wengi wanaijua kwa kuisikia tu. Hata hivyo mchuuzi wa dagaa wa huku ana maziwa mawili: akiteremka Lyamba lya Mfipa anafika Rukwa, akipitia Matai hadi Kasanga yuko Tanganyika. Na huko chini, kila jaketi okozi linapotajwa, swali ni lile lile: mtu anayejua kuogelea, jaketi la nini?

Wanaoshughulika na usalama majini wamelijibu hadi subira imewaishia. Kosa lake ni kudhani kwamba anayekufa maji ni yule asiyejua kuogelea. Basi na aulizwe Éric Tabarly, kama angekuwepo wa kuulizwa.

Tabarly alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, na kwa tanga hakuwa na mpinzani wa kumchezea. Mwaka 1964 alishinda mbio za kuvuka Atlantiki peke yake, na mwaka 1976 akashinda tena. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1998 alikuwa kwenye chombo chake, Pen Duick, karibu na Wales, safari hii akiwa na wenzake. Wakiwa katika kazi ya kubadili tanga, foromali ikampiga, akaangukia majini. Hakuwa amevaa jaketi, wala hakuwa amejifunga mkanda chomboni. Wenzake walimtafuta gizani wasimwone. Mwili wake ulipatikana wiki kadhaa baadaye, kwenye wavu wa meli ya wavuvi.

Hesabu yenyewe haina huruma. Mtu aliyevaa suruali na koti, kwenye mawimbi, akiogelea kilomita mbili kwa saa amejitahidi. Chombo chenye upepo wa wastani kinakwenda nane. Baada ya dakika kumi tu, kilomita nzima iko katikati yao, na kichwa cha binadamu kati ya mawimbi hakionekani zaidi ya kibuyu kinachoelea. Hiyo ni mchana. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku.

Hapo ndipo linapoletwa dumu. Kila mwalo una mjuzi wake anayeeleza kwamba dumu tupu la lita 20 linatosha, tena halina gharama. Tumpe haki yake: dumu lililofungwa vizuri linaelea kuliko jaketi. Linabeba karibu kilo 19, ilhali jaketi zuri la maji makubwa lina nguvu ya nyutoni 150, yaani kama kilo 15. Kwa mizani peke yake, mjuzi ameshinda.

Ila aliyegongwa kichwa na mbao za boti hashiki dumu. Aliyechoka analiachia. Plastiki iliyolowa mafuta inateleza, mfuniko ukilegea maji yanaingia, na upepo ukilikamata kabla yako unabaki kulitazama likienda. Jaketi halingoji kushikwa. Sponji yake imewekwa kifuani na shingoni makusudi, ili hata aliyezimia ageuzwe uso juu. Lina filimbi, lina rangi kali, lina utepe unaong'aa ukimulikwa tochi. Dumu la mafuta ya kula, la njano au jeupe, kazi yake ni mafuta ya kula.

Na anayesema maji ya Tanganyika ni ya uvuguvugu amesema nusu. Nyuzi 25 si baridi ya kuua kwa dakika, lakini mwili una nyuzi 37, na maji hunyonya joto haraka mno kuliko hewa. Saa zikipita vidole vinakataa kukunja. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki hukimbia juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 bila kizuizi. Rukwa ina kina kifupi, lakini mawimbi yake ni mafupi na yamesimama, na hiyo si nafuu.

Wanaokwenda baharini peke yao wamekwisha kulijadili swali hili na kulifunga. Mwaka 1968 gazeti moja la Uingereza liliandaa mbio za kuzunguka dunia bila kutia nanga, kila nahodha peke yake. Hakuna aliyetakiwa kuthibitisha uwezo wake. Walianza tisa, akamaliza mmoja, Robin Knox-Johnston. Chombo cha Donald Crowhurst kilikutwa kikielea kitupu. Katika mbio nyingine za aina hiyo, Vendée Globe za 1996 hadi 1997, Gerry Roufs alipotea moja kwa moja, na Tony Bullimore akakaa siku kadhaa ndani ya chombo kilichopinduka hadi jeshi la majini la Australia lilipomfikia. Baada ya hapo sheria zikakazwa: chombo sharti kipinduliwe bandarini kwa makusudi, nahodha akiwa ndani, kionyeshe kinaweza kujigeuza. Humo humo pia lazima pawe na boti ya mpira ya kujiokolea na kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti.

Novemba 18, 2022, katika Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa Afrika Kusini, chombo cha Mfini Tapio Lehtinen, aliyekuwa kwenye mbio nyingine za kuzunguka dunia peke yake, kilizama kwa dakika chache. Kifaa kikapiga kelele angani, yeye akaingia kwenye boti ya mpira, na Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, mshindani mwenzake, akageuza njia na kusafiri usiku kucha kumfuata. Asubuhi alimwokoa, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, akaendelea na safari. Aprili 2023 alishinda mbio hizo. Waandaaji walikuwa wamemrudishia saa alizopoteza, maana sheria inataka uokoaji usimgharimu mtu ushindi. Katika kisa chote hicho hakuna mahali ambapo kuogelea kuliamua jambo.

Huku kwetu ushahidi uko karibu zaidi. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018, ikiwa inakaribia gati la Ukara katika Ziwa Victoria, kivuko cha abiria 101 kikiwa kimebeba zaidi ya mara mbili. Walikufa zaidi ya 220, ufuko ukionekana kwa macho, katika kisiwa cha wavuvi. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, inakagua vyombo na kutaka jaketi kwa kila aliyemo, lakini jaketi lililofungiwa kwenye nailoni chini ya benchi ni la kumwonyesha mkaguzi.

Basi kwa anayeshuka ziwani wiki hii: vaa kabla boti haijasukumwa, funga mikanda yote, na mtoto apate la saizi yake. Uliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwachie mtu wa nchi kavu saa ya kurudi na jina la boti. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji. Aliye peke yake ajifunge kamba chomboni. Boti ya mbao ikipinduka, ing'ang'anie, usiifuate nchi kavu. Sponji iliyobonyea haiinuki tena, nunua jaketi jingine. Na kama kilichopo ni dumu tu, lifunge kifuani kwa kamba kabla ya kuondoka, halafu msimu ujao weka pesa ya jaketi kando kabla ya pesa ya nyavu.