Kabla ghorofa halijapanda: maji yatatoka wapi, na majitaka yataenda wapi?

Ploti iliyokuwa na nyumba moja ya chini imezungushiwa mabati. Bango la mradi limewekwa, mchanga umemwagwa, na baada ya wiki chache nguzo zinaanza kuinuka. Ni jambo la kawaida siku hizi Nyali, Bamburi, Tudor na mitaa mingine ya Mombasa. Majirani huuliza swali moja: ikiwa sisi tunapata maji kwa mgao, fleti hizi zote zitapata wapi?

Swali hilo ni la haki. Kibali cha kujenga si ruhusa ya kuweka mawe na saruji tu. Ndani yake mna ahadi kwamba watu watakaohamia humo watapata maji safi, na majitaka yao yataondolewa bila kuwadhuru wengine. Ahadi hiyo ikitolewa bila hesabu, anayelipa ni yule aliye mwisho wa bomba, ambaye mfereji wake utakauka kwanza.

Maji yetu yanatoka mbali

Kaunti ya Mombasa haina mto mkubwa wala bwawa lake la maji ya kunywa. Maji ya mfereji hutoka kaunti jirani: chemchemi za Mzima zilizo Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki huko Kilifi, pamoja na chemchemi za Marere na visima vya Tiwi huko Kwale. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, lina urefu wa kilomita 220 hivi. Njiani, mabomba haya huhudumia miji mingine pia, kama vile Voi, Mariakani, Kilifi na Malindi.

Wakati huohuo watu wameongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu wakaazi 939,370 katika kaunti yetu. Ile ya 2019 ilihesabu 1,208,333. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya watu 268,000 katika miaka 10.

Matumaini makubwa yako kwenye Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale, ambalo limepangwa kutoa lita milioni 186 kwa siku. Lakini maji ya mradi ambao haujakamilika hayawezi kugawiwa jengo linalofunguliwa leo.

Hesabu ya ploti moja

Tuchukue mfano rahisi. Nyumba ya chini ina watu 6, na kila mtu anatumia lita 100 kwa siku. Hiyo ni lita 600, yaani mitungi 30 ya lita 20.

Nyumba hiyo inabomolewa na mahali pake panajengwa ghorofa 8, kila ghorofa ikiwa na fleti 4, na kila fleti ina watu 4. Sasa ploti ileile ina watu 128 wanaohitaji lita 12,800 kwa siku, sawa na mitungi 640. Bomba la barabarani halijabadilika, lakini mahitaji ya ploti yamepanda zaidi ya mara 20.

Kwa hiyo mhandisi wa maji hukagua mambo matatu. Kwanza, je, chanzo kina maji ya kutosha, hasa wakati wa kiangazi? Pili, je, matangi na mabomba ya mtaa yanaweza kuyafikisha saa ya asubuhi ambapo kila mtu anaoga na kupika? Tatu, je, shinikizo la maji litabaki la kutosha kwa majirani? Mtaa unaweza kuwa na chanzo kizuri na bado ukakosa maji kwa sababu bomba ni jembamba.

Nafasi iliyokwisha kuahidiwa

Hapa ndipo hesabu huharibika katika miji mingi. Matatu ya abiria 14 ikiwa na watu 9 ndani, kondakta anaweza kudhani nafasi 5 zimebaki. Lakini kama wanne wamelipa nauli na wameshuka kununua soda, nafasi iliyobaki ni moja.

Maji ni vivyo hivyo. Haitoshi kupima yanayotumika leo. Ni lazima kujumlisha majengo yote yaliyopewa vibali ambayo hayajaisha au hayajapata wapangaji. Rejista hiyo isipotunzwa, kila mradi ukiangaliwa peke yake utaonekana mdogo. Miradi 10 kwenye barabara moja inaweza kupitishwa mmoja mmoja, na yote kwa pamoja ikazidi uwezo wa bomba.

Baadhi ya miji mikavu duniani imeliweka jambo hili katika sheria. California, huko Marekani, tangu 2001 mradi wa nyumba zaidi ya 500 hutakiwa kuthibitisha kuwa kuna maji ya kutosha kwa miaka 20, ikiwemo miaka ya ukame. Arizona huangalia mbele miaka 100. Mwaka 2023 jimbo hilo lilisitisha idhini mpya katika eneo la Phoenix kwa miradi ya nyumba iliyotegemea maji ya chini ya ardhi pekee.

Majitaka nayo yana kikomo

Kwa kawaida wahandisi hukadiria kuwa asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia nyumbani hutoka kama majitaka. Jengo la mfano wetu litatoa zaidi ya lita 10,000 kila siku.

Mabomba ya majitaka hapa kwetu yanafika sehemu ya kisiwa na sehemu ya bara magharibi, na mitambo ya kusafisha iko Kizingo na Kipevu. Nyumba nyingi zilizobaki hutumia matangi na mashimo ya kunyonya. Jengo la mfano wetu likitegemea tangi lisiloweza kunyonya, lingehitaji lori la kubeba lita 10,000 kila siku. Mwenye nyumba akichoka na gharama, majitaka hujikuta kwenye mtaro wa mvua, kisha baharini.

Kuna hatari nyingine. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, kwa hiyo majitaka hupenya upesi hadi kwenye visima. Na kila jengo likichimba kisima na kuvuta maji kupita kiasi, maji ya bahari huingia na kisima hugeuka chumvi, cha jirani pia.

Nani anaamua

Katiba, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa mazingira. Huduma za maji na majitaka ni jukumu la kaunti, na hutolewa na kampuni ya maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Vyanzo na mabomba makubwa ya Pwani yako chini ya shirika la serikali ya kitaifa, CWWDA.

Kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, baada ya idara na mashirika husika kutoa maoni. NEMA huangalia athari kwa mazingira, na kisima huhitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kwa kuwa mamlaka ni nyingi, ni rahisi kila moja kudhani nyingine imeshahesabu.

Nafasi ikikosekana

Jibu si lazima liwe "hapana". Mradi unaweza kujengwa kwa awamu, kadiri maji yanavyoongezeka. Mwekezaji anaweza kugharamia bomba kubwa zaidi au tangi la mtaa. Jengo linaweza kuwekewa mtambo wake wa kusafisha majitaka, na maji hayo yakatumika vyooni na bustanini. Maji ya mvua ya paa yanaweza kukingwa.

Njia nyingine ni kuziba mivujo. Ripoti za mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, zimeonyesha mara kwa mara kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa nchini hupotea au hayalipiwi. Kila bomba linalotengenezwa, na kila muunganisho haramu unaoondolewa, ni nafasi inayorudi kwa wananchi.

Mkaazi afanye nini

1. Ukiona bango la mradi, uliza kama kampuni ya maji imetoa maoni yake na majitaka yatapelekwa wapi. Maoni ya wananchi kuhusu ripoti ya mazingira hupokelewa na NEMA.

2. Ukiathiriwa na uamuzi wa kibali, unaweza kukata rufaa kwa kamati ya rufaa za mipango ya ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi kutolewa.

3. Kabla ya kununua au kukodi fleti, uliza: maji ni ya mfereji, ya kisima au ya boza? Tangi la majitaka hunyonywa mara ngapi, na nani analipa? Jengo lina cheti cha kukaliwa?

4. Unapojenga, zungumza na kampuni ya maji kabla ya kuchora ramani. Kubadilisha mchoro ni rahisi kuliko kubadilisha jengo.

5. Ripoti mivujo na majitaka yanayomwagwa ovyo kwa kampuni ya maji au kwa msimamizi wa wadi yako.

Mombasa inahitaji nyumba mpya, na vijana wetu wanahitaji pa kuishi. Lakini fleti isiyo na maji haijamaliza shida ya makao. Basi swali la maji na majitaka liulizwe mapema, wakati ploti bado ina mabati.