Kuchimba Mitaro na Kupunguza Mwili

Huenda wewe mkulima wa Salama umeambiwa na daktari kwamba mwili wako umezidi na yafaa uupunguze. Nawe umefikiri hivi: "Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, nitachimba mitaro ya fanya juu, na chakula cha mchana nitakiacha. Kazi na njaa zikifuatana, mafuta yatakwisha upesi." Fikira hiyo ina kosa, na kosa lenyewe huonekana shambani kabla ya kuonekana kwenye mizani.

Mtaro wa fanya juu si kazi ndogo. Upana wake ni kama sentimita 60, na kina kama hicho, tena udongo wote hutupwa upande wa juu wa mteremko. Mtu mzima akishika sururu na beleshi bila kupumzika sana, mwili wake hutumia kalori 350 hadi 500 kwa saa moja. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwili ina akiba ya kalori 7,000 na zaidi. Basi mafuta hayo hayaishi kwa siku moja, hata ukichimba mpaka jua litue.

Tena mwili hutoa mafuta polepole. Kazi nzito huanza kwa kutumia sukari iliyo katika damu, ini na misuli, na akiba hiyo ni ndogo. Ikiisha nawe hujala, magoti hutetemeka, macho huona giza, na sururu huweza kupiga mguu badala ya udongo. Ukiendelea hivyo kwa majuma, mwili hula misuli yake pia. Mizani itashuka, nawe utafurahi, kumbe kilichopungua ni ile nguvu ya kuvutia jembe.

Jambo hili lilipimwa Marekani, katika chuo kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 walipunguziwa chakula kwa miezi sita, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini walikuwa dhaifu, wakisikia baridi na kuwaza chakula tu.

Basi punguza wapi? Anza na kikombe. Mtu anayekunywa chai vikombe vitano kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, amekunywa kalori kama 240 bila kushiba. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na wapishi wetu hawapimi kwa kijiko, humimina. Soda na mandazi ya dukani ni vivyo hivyo.

Usipunguze ndengu, kunde wala mbaazi, maana hivyo ndivyo hulinda misuli. Isyo ya mahindi mazima hushibisha kwa muda mrefu kuliko muthokoi, ambayo makapi yake yameondolewa. (Najua neno hili halitapendwa katika nyumba nyingi za Ukambani.) Kula uji wa wimbi au mtama kabla ya kwenda shambani, kula vizuri wakati wa mapumziko, na sahani ndogo iwe ya jioni, pamoja na mboga nyingi za majani.

Kunywa maji kila mara. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, nayo hurudi ukinywa. Kwa hiyo usijipime jioni ukitoka mtaroni. Jipime asubuhi, mara moja kwa juma. Ukipungua nusu kilo hadi kilo moja, umefanya vema.

Wengi huharibikiwa baada ya kazi. Mitaro imekwisha, mavuno yako ghalani, na mtu bado anakula sahani ya mchimbaji huku akikaa kivulini. Miezi hiyo ndiyo ya kupunguza ugali.

Mama mwenye mimba asijaribu kupunguza mwili. Na mwenye ugonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge, aone daktari kwanza, kwa sababu kazi nzito na njaa huweza kushusha sukari ya damu mpaka mtu akazimia. Huyo achukue sukari kidogo mfukoni aendapo shambani, na asichimbe peke yake.