Kabla Hujambeba Kobe

Mvua za Desemba zikishashika Haneti, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kobe hutoka. Kiangazi kizima walijibanza chini ya vichaka na kwenye mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine. Sasa wanavuka barabara kufuata majani mabichi. Hapo ndipo kobe wengi wanapogeuzwa mifugo bila mpango wowote. Mwenye bodaboda anasimama, anamwinua mmoja, anamfunga kwenye keria, na jioni watoto wana mgeni uani.

Anayeokotwa hivyo kwa kawaida ni yule mwenye gamba la rangi ya udongo wa manjano, lenye madoa meusi kama ya chui. Ukimnyanyua tu, mara nyingi anakojoa. Watu hucheka, wakafuta suruali na safari ikaendelea. Kumbe kibofu cha kobe ndicho simtanki lake: maji anayokunywa mvua zikinyesha huyahifadhi humo na kuyarudisha mwilini taratibu nchi inapokauka. Na Dodoma hukauka kweli, tangu Mei hadi Novemba. Kobe aliyemwagishwa akiba yake katikati ya kiangazi amebakiwa na kidogo sana cha kumvusha mpaka mvua ijayo.

Jambo la pili ni joto. Mbuzi akila pumba anapata joto lake humo humo mwilini; kobe, mjusi na nyoka hulitafuta nje ya mwili. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai una baridi ya kutosha kumfanya kobe asubuhi awe mzito kama jiwe. Mwili ukiwa baridi hali, na hata alichokula jana hakisagiki vizuri. Inabidi aote jua kwanza, kisha likishamzidi arudi kivulini. Kumfuga vizuri ni kumwachia uchaguzi huo siku nzima. Banda la bati lisilo na kivuli humuua mchana, na boksi la sebuleni humuua polepole.

Humuua polepole kwa sababu ya mifupa. Miale ya jua ikiipiga ngozi hutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya kwenye chakula haiingii mwilini. Wafugaji wa Ulaya hununua taa maalumu za kutoa miale hiyo. Hapa jua ni la bure, ila halifanyi kazi hiyo likipitia kioo cha dirisha. Kobe mchanga anayekuzwa ndani gamba lake hulegea, taya zikapinda na miguu ikashindwa kumbeba. Hayo ni matege ya kobe, na yakishakomaa hayanyooki.

Chakula chake ni nyasi na majani ya porini. Si ugali, si mkate, si wali uliobaki. Papai analipenda, lakini likizidi linamharisha. Porini huguguna mifupa mikavu, na hata kinyesi cha fisi, kile cheupe kwa chokaa ya mifupa, ili apate kalsiamu. Akikua hupita sentimita 30 na kilo 10, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Anayemchukua akiwa mdogo awe na wa kumrithisha.

Halafu kuna lile tundu. Utamwona kobe ametobolewa ukingo wa gamba kwa msumari wa moto, kamba ikapitishwa, akafungwa kwenye mti kama mbuzi. Gamba si kucha wala pembe. Ni mfupa hai ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, wenye damu na mishipa ya fahamu, uliofunikwa kwa tabaka jembamba kama kucha. Kutoboa pale ni kumtoboa mtu mbavu, na uchafu ukiingia, usaha hujijenga ndani bila kuonekana.

Kwa upande wa binadamu, hatari kubwa haiko kwenye kung'atwa. Reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wenyewe kuugua. Mtoto anamshika kobe, anatia vidole mdomoni, anaharisha na kupata homa. Marekani iliona watoto wengi wakiugua hivyo hata mwaka 1975 ikapiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo ambao gamba lao halijafika sentimita 10. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mzee na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wasiwashike kabisa. Wengine wanawe kwa sabuni, na chombo cha maji cha kobe kisioshewe penye vyombo vya kulia.

Wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wana sababu yao ya ziada: kupe. Kobe wa Afrika hubeba kupe wanaoweza kueneza maji moyo, ule ugonjwa unaojaza maji kwenye mfuko wa moyo wa mnyama. Marekani ilizuia kuingiza kobe wa madoa mwaka 2000 kwa hofu hiyo hiyo.

Sheria nayo haina mzaha. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori, awe hai au mfu, ni nyara ya serikali. Kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama ulimwokota kwa huruma. Uliye naye tayari usimtupe pori lolote ulionalo; mpeleke kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Na yupo ambaye hata kibali kisikushawishi: kobe wa kwenye mawe, bapa kama chapati, anayeishi kwenye nyufa za vilima vikavu vya Tanzania na Kenya. Akitishwa hajifichi ndani ya gamba. Hukimbia na kujibana ufa wa mwamba. Wawindaji humtoa kwa kubanjua mawe, na ufa ukishavunjwa haujirudii. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa awamu. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, ulifunga biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Haneti inajulikana kwa mawe yake ya kijani ya krisoprasi, na wachimbaji wanaoijua miamba kwa mikono yao wangekuwa walinzi wazuri wa nyufa za aina hiyo.

Kinyonga je? Hapana. Huyo hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, na anaweza kufa kwa kiu pembeni ya bakuli lililojaa maji.

Ushauri wangu kwa nyumba yenye watoto wanaotaka reptilia ni kumwangalia aliyekwisha kuhamia: mjusi kafiri wa darini. Hahitaji kibali, taa wala nyasi. Usiku huvizia wadudu karibu na balbu, jike hutaga mayai mawili mahali pa kujificha, labda nyuma ya picha ukutani, na akikamatwa mkia huukata akakuachia ukiruka ruka peke yake. Kinyesi chake pia kinaweza kuwa na salmonela, kwa hiyo sufuria za usiku zifunikwe.