Lori la Rimoti la Kwanza: Uliza Spea Kabla ya Mwendo

Luthuli Avenue, Nairobi, haina uhaba wa picha za malori yanayoruka. Nyuma ya spika zinazonguruma milangoni na runinga zilizopangwa hadi darini, kuna rafu za magari ya rimoti, na kila boksi lina picha ileile: magurudumu hewani, tope likitapakaa, jua likizama. Boksi la shilingi elfu mbili na la elfu kumi na tano yanaweza kutofautiana kwa rangi tu. Kilicho ndani ndicho kinachotenganisha mchezo wa wiki moja na kifaa ambacho mtu atakaa nacho miaka, akikifungua, akikitengeneza na kukibadilisha sehemu moja baada ya nyingine.

Kuna jaribio la sekunde kumi linalofichua mengi. Mwombe muuzaji aliwashe gari, kisha ushike rimoti mwenyewe na uuzungushe usukani kidogo tu. Magurudumu ya mbele yakiruka hadi mwisho wa kona, hilo ni la kuchezea: linajua kushoto, kulia na katikati, basi. Yakipinda kidogo kama mkono wako ulivyopinda, umefika mahali pengine. Jaribu hivyo hivyo na kichocheo cha mwendo. Lori zuri litaanza kutambaa polepole kabla ya kukimbia. La kuchezea litashtuka na kuchomoka.

Siri ya lori zuri ni sevo, kiboksi kidogo kinachogeuza magurudumu. Kwa kawaida hupokea mipigo ya umeme kama 50 kila sekunde, na urefu wa mpigo ndio ujumbe wenyewe: milisekunde 1.5 maana yake kaa katikati, ukishuka kuelekea 1 geuka upande mmoja, ukipanda kuelekea 2 geuka upande wa pili. Ndani ya sevo kuna mota, gia, na kipima nafasi kinachoarifu muda wote mkono umefika wapi. Saketi hulinganisha mahali ulipo na mahali ulipotakiwa, na kusahihisha tofauti. Mwendo nao husimamiwa na kidhibiti kinachokata na kuunganisha umeme wa mota mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Kikiunganisha kwa muda mrefu kuliko kinaokata, lori linakimbia. Kikikata zaidi, linatambaa.

Mawasiliano ya redio yenyewe ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua inayoongozwa kwa redio huko Madison Square Garden, New York, mwaka 1898. Kwa miongo mingi baadaye magari haya yalitumia masafa kama megahezi 27, na ukikutana na mwenzako aliye kwenye masafa yako, gari lako lilimtii yeye. Mengi ya siku hizi hutumia gigahezi 2.4, mtaa uleule wa Wi-Fi, lakini rimoti na kipokezi hutambuana kwa namba yao, na mifumo mingi hurukaruka kutoka chaneli hadi chaneli. Ndiyo maana unaweza kuliendesha katika uwanja wa ghorofa za Kilimani, palipojaa ruta za majirani, bila kupoteza usukani. Ukikuta gari la mitumba lenye antena ndefu ya kuvuta kwenye rimoti, huenda ni la enzi ile ya megahezi. Linafaa kupamba rafu.

Jambo la pili halionekani hadi uligeuze gari juu chini. Je, lina skrubu, au limebanwa kwa plastiki isiyofunguka? Mkono wa gurudumu ukivunjika, unauzwa peke yake, au unanunua gari jipya? Wakazi wa Nairobi hawahitaji mhadhara kuhusu hili. Mtu anayenunua gari la kwanza huishia kwenye Toyota, hata kama moyo wake uko kwingine, kwa sababu anajua usiku wa kuharibika utakuja na asubuhi yake atashuka Kirinyaga Road, ile wazee wanayoiita Grogan, na kurudi na spea. Lori la rimoti linataka akili iyo hiyo. Swali la kwanza dukani lisiwe linakimbia kasi gani. Uliza: gia kubwa ya plastiki unayo? Shafti? Mkono wa mbele? Muuzaji akikutazama kama umemtukana, umepata jibu.

Kwa kipimo hicho kampuni ya Traxxas ya Marekani, iliyoanza mwaka 1986, ingeshinda mbio: karibu kila kipande cha lori lake kina namba na kinauzwa peke yake. Tatizo ni umbali. Kipande kidogo cha plastiki kinachoagizwa ng'ambo kinaweza kugharimu nauli kubwa kuliko bei yake. Kwa mwenye bajeti finyu, majina ya Kichina kama WPL, MN, WLtoys na MJX yana mantiki zaidi, si kwa sababu ni imara kuliko mengine (mara nyingi si imara), bali kwa sababu spea zake ni nafuu kiasi kwamba unaweza kuziagiza pamoja na gari lenyewe. Agiza pakiti ya gia na shafti siku ileile unayoagiza lori. Usingoje zivunjike.

Kuna MN82, kwa mfano, pikapu ya kipimo cha 1/12 iliyofuata umbo la Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari ambalo hakuna Mkenya asiyelijua: la polisi, la mashirika ya misaada, la barabara za Turkana. Ina nguvu magurudumu yote manne, mota ya brashi, na haina haraka. Mimi naona hicho cha mwisho ni sifa, na fizikia iko upande wangu.

Nishati ya kugonga huongezeka kwa mraba wa mwendo. Lori la kilo 2 likienda kilomita 20 kwa saa lina nishati sawa na kuliangusha kutoka mita moja na nusu hivi, usawa wa bega la mtu mzima. Likifika kilomita 60 kwa saa, mwendo unaotangazwa kwa fahari kwenye maboksi ya magari ya mota zisizo na brashi, nishati ni mara 9: sawa na kulitupa kutoka mita 14, karibu ghorofa ya tano. Sasa fikiria uwanja wa nyumba za Kileleshwa, kabro kila mahali, ukuta upande mmoja, gari la jirani upande wa pili, na mtoto wa baiskeli katikati. Anayejifunza hapo kwa kilomita 60 atajifunza zaidi bei ya taa za mbele za magari ya watu.

Matangazo nayo hupenda hesabu moja ya hila: kwamba gari la 1/10 linalokwenda 40 ni sawa na gari halisi linalokwenda 400. Mvutano wa dunia haukupunguzwa mara kumi ili kulipendeza boksi. Ukitaka kuruka na kutua kwa modeli kulingane na kwa gari kubwa, unazidisha mwendo kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni kama 3.16. Basi 40 inakuwa 126, mwendo wa dereva mtukutu wa Waiyaki Way usiku. Udogo huohuo ndio unaoliokoa lori likipinduka. Ukipunguza vipimo vyote mara 10, uzito unashuka mara 1,000 lakini eneo la mkato wa vyuma na plastiki, na hivyo uwezo wao wa kubeba mzigo, linashuka mara 100 tu. Pikapu ya tani mbili inakuwa ya kilo mbili, nayo kwa uwiano ina nguvu mara kumi. Hubingirika, husimama, huendelea na safari.

Kuhusu injini za mafuta, zile ndogo zinazokunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na kutoa moshi wenye harufu ya mashindano: sahau, angalau kwa mwaka wa kwanza. Mafuta yake ni ya kutafuta kwa tochi. Juu ya hayo, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 17. Injini inayovuta oksijeni hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na huhitaji kurekebishwa mchanganyiko wake wa mafuta. Mota ya umeme haipumui. Altitudo inaiathiri kwa njia moja tu ya maana: hewa nyepesi huondoa joto polepole zaidi, kwa hiyo feni ya mota hupoza kidogo kuliko ingepoza hewa ikiwa nzito.

Joto hilo lina rafiki, nalo ni vumbi. Upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Lavington kupita Kawangware na Dagoretti hadi Karen, sehemu kubwa ni udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Chembe za mfinyanzi wake ni chini ya milimita 0.002, ndogo kiasi cha kupenya beringi isiyo na kifuniko na mota ya brashi yenye matundu. Kiangazi hugeuka unga; masika ya Machi hadi Mei hugeuka gundi inayokaba magurudumu na kuilazimisha mota kuvuta umeme mwingi kuliko ilivyokusudiwa. Grisi iende ndani ya giaboksi iliyofungwa tu. Ukiipaka kwenye viungo vya nje unatengeneza msasa. Brashi kavu ya kupaka rangi na pampu ya baiskeli vinasafisha vizuri kuliko maji, kwani hata lori lililoandikwa kwamba halipenyezi maji limekingwa saketi zake, si beringi zake.

Beringi ndizo habari njema. Vipimo vyake ni vya kimataifa. Ile ya milimita 5 kwa 11 kwa 4, inayotumika katika magari mengi ya 1/10, huitwa MR115 popote ulipo, na muuza beringi hajali kama unaiweka kwenye lori la mchezo au mashine ya kushona. Skrubu za M3 vilevile. Waya uliokatika utalehemiwa na fundi wa simu kwa dakika chache. Ukihesabu hivyo, lori linalotumia vipimo vya kawaida lina spea nyingi mjini kuliko muuzaji wake anavyojua.

Betri ndiyo inayokula bajeti kimyakimya. Magari ya bei nafuu huja na betri ya lithiamu ya seli mbili, volti 7.4, na chaja ya waya wa USB inayochukua saa kadhaa. Hesabu ni rahisi: betri ya milliampia-saa 2,000, lori likivuta wastani wa ampia 6, ni dakika 20. Kisha mtoto anasubiri jioni nzima. Kwa hiyo ukiwa na elfu kumi na tano, usiimalize kwenye lori. Tafuta la elfu tisa au kumi, na salio liwe betri ya pili, chaja ya heshima inayosawazisha seli, na ile pakiti ya gia.

Lithiamu haina msamaha. Seli hujaa kwenye volti 4.2, ukiisukuma zaidi inaweza kuvimba na kuwaka moto. Ikishuka chini ya 3.0 inaharibika taratibu, kwa hiyo hakikisha kidhibiti kina uwezo wa kukata umeme mapema. Ikikaa wiki bila kazi, iache kwenye 3.8 hivi. Ichaji juu ya vigae au saruji, mbali na zulia, ukiwa macho, na stima ikipotea chomoa chaja hadi itulie. Anayeletewa na shangazi kutoka Dubai amwambie aibebe kwenye mkoba wa mkononi: betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumbo la ndege, ingawa hata ile kubwa ya volti 7.4 na milliampia-saa 5,000 ni wati-saa 37 tu, mbali na kikomo cha 100.

Na anayeagiza mwenyewe afanye hesabu ya forodha kabla ya kushangilia bei. Ushuru wa Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla. Lori la dola 100, nauli ikiwemo, linafika 145, kabla ya tozo ndogo za uagizaji na reli. Wakati mwingine yule muuzaji wa Luthuli uliyedhani anakupunja alikuwa amelipa hayo yote, na ana boksi hapo hapo, unaweza kuuzungusha usukani kabla ya kutoa pesa.

Baada ya betri ya kwanza kwisha, lipindue lori na ushike mota kwa vidole. Ukishindwa kuishika sekunde tatu, huenda imefika nyuzi 60 au zaidi. Badilisha gia ndogo ya mota uweke yenye meno machache: mwendo utapungua kidogo, nguvu ya kupanda itaongezeka, na mota itapumzika. Gia hiyo ni miongoni mwa vipande vya bei ya chini kabisa katika lori zima. Kabla ya kununua, pima unene wa shafti ya mota. Nyingi ni milimita 2, 2.3, 3.17 au 5, na tofauti hiyo ndogo ndiyo huwarudisha watu mjini mara ya pili.