Maporomoko ya Kalambo na Jiwe la Mwanafunzi

Mwanafunzi wa Mpui akisafiri kuelekea kusini-magharibi, akaacha nyuma uwanda wa Ufipa, hufika mpakani mwa Tanzania na Zambia, mahali ambapo mto Kalambo huishiwa na ardhi ghafla. Maji huanguka kwa mruko mmoja usiokatizwa, zaidi ya meta 200 (vipimo vingine hutaja 221, vingine 235), kisha hupita katika korongo jembamba hadi Ziwa Tanganyika.

Kijana asimamapo hapo hutamani kwanza kuokota jiwe na kulitupa. Tamaa hiyo ni ya kisayansi, wala hailaumiki; lakini hesabu yake yaweza kufanywa darasani. Ukinzani wa hewa ukiachwa kando, jiwe litaanguka meta 221 kwa muda wa sekunde 6.7 hivi, na litafika chini kwa mwendo wa meta 66 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 230 kwa saa.

Na huko chini si mahali patupu. Wakati wa kiangazi kongoti hutaga na kulea makinda katika magenge hayo. (Kiswahili huliita bonde la namna hiyo, na jamii ya ndege hao pia, kwa neno moja: korongo.) Ndege akishtushwa huruka, na makinda hubaki wazi kwa jua na kwa adui.

Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, pana hazina nyingine. Mtaalamu wa mambo ya kale, J. Desmond Clark, alianza kuichunguza katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 Larry Barham na wenzake walitangaza kwamba magogo mawili yaliyopatikana huko, moja likiwa limechongwa pengo ili lishikane na jingine, yana umri wa miaka 476,000 hivi. Kaboni haiwezi kupima umri mkubwa kiasi hicho. Zilipimwa chembe za mchanga ili kujua ni lini zilipoonwa na jua mara ya mwisho. Mafundi wale basi hawakuwa binadamu wa jinsi yetu, ambaye mifupa yake ya kale kabisa ina miaka kama 300,000 tu.

Mti huo haukuoza kwa sababu ulizama katika tope lililojaa maji, lisilopenyeka hewa. Tope hilo likikauka, kuvu na wadudu watamaliza kazi kwa muda mfupi. Ndiyo maana miti inayokatwa Ufipa, mto unakotoka, yahusika: mvua isiyozuiwa na mizizi hutiririka kwa kasi, ikala kingo, kisha kiangazi mto hupungua.

Msafara wa shule ufuate njia iliyowekwa, urudi na takataka zake, na jiwe libaki mfukoni. Badala yake mwanafunzi, akiwa mbali na ukingo, achague bonge moja la povu linapoanza kuanguka, alifuate kwa macho akiwa na saa mkononi. Atapata zaidi ya sekunde 6.7, na hiyo ziada ni kazi ya hewa.