SOMA WINGU KABLA UPEPO HAUJAFIKA

Ndugu msomaji, umekwisha jifunza kusoma gazeti. Leo tusome mawingu. Sisi wa Nyasura na vijiji vingine vya Bunda tuko karibu na Ziwa Victoria. Tunalima pamba na mihogo. Tunafuga ng'ombe. Wengine huvua dagaa. Dhoruba moja inaweza kuezua nyumba, kuua ng'ombe kwa radi na kuzamisha mtumbwi. Lakini wingu hutupa dalili mapema.

WINGU LA DHORUBA LIKOJE?

Jua hupasha ardhi joto. Hewa yenye unyevu hupanda juu na kuwa wingu. Mwanzoni wingu ni dogo na jeupe kama pamba. Hilo halina hatari. Likikua kwenda juu kama mnara, jihadhari. Linaweza kufika kilometa 12 juu, au zaidi. Kilele chake kikitandaa na kuwa bapa kama fuawe la mhunzi, wingu limekomaa.

DALILI ZA HATARI

1. Wingu ni jeusi upande wa chini, na radi inapiga.
2. Wingu jeusi kama gogo refu limelala chini, mbele ya mvua. Upepo mkali unakuja nalo.
3. Baada ya joto, upepo wa baridi unavuma ghafla. Muda uliobaki ni mfupi.
4. Kitu kama mkonga wa tembo kinaning'inia chini ya wingu. Hicho ni kisulisuli. Kikigusa ziwa huzungusha maji na kinaweza kupindua mtumbwi. Usikisogelee. Piga kasia kwenda pembeni, nje ya njia yake.

Chamchela ya vumbi shambani ni kitu kingine. Hiyo huanzia chini wakati wa jua kali, hata pasipo wingu. Kimbunga nacho hutoka baharini. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilitangazwa kabla hakijafika pwani yetu. Wingu la dhoruba huku kwetu linaweza kukomaa kwa muda wa saa moja tu.

WAVUVI, ANGALIENI USIKU

Mchana mawingu hujengeka zaidi nchi kavu. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Hapo hewa hupanda, na dhoruba huzaliwa. Kwa hiyo anga safi jioni si ahadi ya usiku salama. Ukiona radi inamulika kwa mbali, usingoje nyavu zijae. Rudi ufukoni.

FANYA HIVI

Ukiona mwanga wa radi, hesabu polepole mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Usipofika 30, radi iko karibu. Ingia katika nyumba imara. Usijikinge chini ya mti. Usibaki shambani na jembe begani. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kabla ya kwenda ziwani, sikiliza redio upate utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Vaa jaketi la kujiokolea. Mweleze mtu wa nyumbani unakokwenda.

Samaki wa leo wakikukosa, wa kesho wapo. Uhai hauna wa kesho.

JADILIANENI

1. Wingu likikua kama mnara, utafanya nini?
2. Kwa nini anga safi jioni haitoshi kwa mvuvi?
3. Nani kijijini kwenu hajajua dalili hizi? Msomee.